Jirani, Umemwona Mwenyewe?

Mpagazi alipanda Kilima cha Itale kwa miguu yake sita ya chuma, akichagua mawe kama mbuzi. Mgongoni alibeba mitungi ya hewa iliyolazwa kwenye vikapu vya waya, na ubavuni alikuwa na kitanda kilichokunjwa, tayari kwa mgonjwa yeyote wa kushushwa bondeni. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na maji bado yalitiririka kati ya majabali, lakini hakuteleza. Kila wayo ulinyonya jiwe, ukaliachia, ukanyonya jingine, kwa mlio kama wa mtoto anayebusu kiganja chake.

Wageni waliofika Jiji la Nyamawe waliletwa kumtazama. Walimpiga picha, wakashangaa, wakashuka. Wenyeji hawakumpiga picha. Walimsalimia, naye aliitikia.

Watu wa Itale walihitaji hewa ya mitungi kwa sababu wao ndio waliolijenga jiji. Ni hilo tu, halina siri. Kokoto zote zilizomo kwenye minara ya mwambao zilipondwa kilimani pale, kwanza kwa nyundo, baadaye kwa mashine, na vumbi lake halikwenda popote. Liliingia vifuani mwa waliokuwa wakiponda, likakaa. Jiji likapata minara, wao wakapata kikohozi. Siku jiji lilipokubali hatimaye kuwapelekea hewa, wakubwa walikata utepe na kuiita zawadi.

Mpagazi alisimama mlangoni kwa Mzee Nkwabi.

"Hodi, wenyewe," alisema.

Akangoja.

"Hodi, wenyewe."

Akangoja tena, kama alivyofundishwa, muda wa mtu kutafuta ndala na kujifunga kanga.

"Hodi, wenyewe."

Ndani kulikuwa na mtu, na mtu huyo aliitikia. Lakini sauti ya Mzee Nkwabi ilikuwa imebaki kwenye kokoto pamoja na nusu ya mapafu yake. "Karibu" yake isingemwamsha hata paka. Ndiyo maana kila siku, baada ya hodi ya tatu, mpagazi aligeuka kwa jirani na kuuliza: "Jirani, umemwona mwenyewe?" Na jirani alijibu "yupo" au "hayupo". Akisema yupo, mpagazi aliingia, akabadilisha mtungi, akaondoka.

Jirani alikuwa Kahabi, mama mtu mzima mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi wa kutoa. Asubuhi hiyo alikuwa akianika dagaa juu ya jabali. Alisikia hodi ya tatu, akafuta mikono, akajiandaa kujibu.

Mpagazi aligeuka, akampita.

"We!" Kahabi aliita akicheka. "Leo umelala na nani hata unasahau majirani? Njoo uniulize!"

Mpagazi aliendelea kwenda.

"Yupo! Nimekuambia yupo! Ng'ombe wa bati we, rudi!"

Kahabi aliruka mawe mawili, akasimama mbele yake na kutanua mikono. Mpagazi alisimama. "Samahani, mama," alisema kwa adabu. "Naomba njia." Kisha akamzunguka, akaenda zake na mtungi wa Mzee Nkwabi mgongoni. Kwenye bamba la kifua chake maneno ya kijani yaliandikwa, na Kahabi aliyaona vizuri: NYUMBA TUPU.

Kicheko kilimkauka. Watu wa Itale wana kumbukumbu ndefu, na maneno yale mawili waliyajua.

*

Chini mjini, ghorofa ya juu ya Jengo la Ghala, Limi alikuwa bado na utamu wa sifa za jana. Alikuwa binti wa Mzee Nkwabi, wa kwanza kutoka kilimani kukalia kiti cha ufundi wa mifumo, na jana kutwa jina lake lilikuwa limewaka kwenye ubao: mfagizi bora.

Kila mashine ya Nyamawe, kuanzia lifti hadi taa za bandarini, iliendeshwa na maandishi, na maandishi ya jiji zima yalikaa pamoja katika Ghala la Matoleo. Ghala halikusahau. Fundi akibadilisha mstari, mstari wa zamani haukufa. Ulilala chini ya ule mpya pamoja na jina la aliyeubadilisha na sababu yake, na ukihitajika uliweza kuamshwa.

Zamani kila fundi alilishusha Ghala lote mezani kwake. Likakua, likawa zito, asubuhi nzima ikawa inaishia kwenye kungoja. Ndipo likabuniwa dirisha: unashusha makabati ya kazi yako tu, mengine yanabaki ghalani. Yapo, ila mezani kwako hayapo. Ilikuwa njia nzuri, na walioibuni walikuwa watu wenye haraka, si watu wabaya. Fundi alijichagulia makabati mwenyewe, na akitaka zaidi alipanua. Baadaye kuchagua kukatolewa mikononi mwake. Akaja Mgawaji, akili ya mashine iliyomkatia kila fundi dirisha lake kila asubuhi, kabla hajaketi. Ndivyo yanavyokwenda mambo haya. Kitu huanza kama msaada, kinakuwa desturi, kinakuwa ukuta, na siku ukiuliza mlango ulikuwa wapi unaambiwa hapajawahi kuwa na mlango.

Kazi ya Limi ilikuwa kufagia: kutafuta kanuni zisizotumiwa na mtu na kuzifuta, ili Ghala lipungue uzito. Jana, katika kabati la Vya Pamoja, alikuta kanuni moja iitwayo Uthibitisho wa Upande. Aliisoma. Ilikuwa fupi: muulize mtu wa pili, pokea ndiyo au hapana, rudisha jibu. Akaliuliza Ghala: nani anaiita kanuni hii?

Kioo kikajibu: HAKUNA.

Hakikusema hakuna ndani ya dirisha lako. Kilisema hakuna.

Aliangalia na historia yake, kwa kuwa alikuwa mfagizi makini. Dirisha lilimwonyesha historia ya majuma machache tu, na humo hamkuwa na lolote. Basi akafuta. Mhakiki, mashine ya kupima kila badiliko, akapima yaliyomo dirishani mwake na kusema yote ni salama. Jina lake likawaka ubaoni.

Simu ikalia.

"Limi mwanangu." Alikuwa Kahabi, na hakumwamkua kwanza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mpagazi kampita baba yako. Kaandika nyumba tupu. Kaondoka na hewa."

"Amepiga hodi, Mayu?" Ndivyo alivyomwita tangu utotoni, mama.

"Zote tatu. Hakuniuliza."

"Labda hakukuona."

"Nilisimama mbele yake kama ng'ombe barabarani, hakunionaje? Sikiliza. Nimo humu ndani na baba yako. Mtungi wa jana mshale wake umeshalala chini. Tunampepea, lakini kumpepea mtu si kumpa hewa. Wewe ndiye uko huko kwenye hizo mashine. Fanya kitu."

Limi alisimama bila kujua amesimama. "Mumshushe kwa mikono?"

"Kwenye mawe haya yaliyolowa? Tutamuua njiani. Na hata tukifika, ghala la mitungi halimfungulii binadamu. Linamfungulia mpagazi, tena kwa nyumba yenye watu. Nyumba ya baba yako haina watu, wamesema." Kahabi akashusha sauti. "Binti, umesahau? Hakuniuliza. Kanuni yetu ile wameitoa."

Kanuni yetu ile. Limi hakuwa amezaliwa wakati ule, lakini hakuna mtoto wa Itale asiyeijua habari hiyo. Jiji lilipotaka kilima kwa mara ya kwanza lilituma mashine nyumba kwa nyumba. Zilipiga hodi, na pale pasipojibiwa ziliandika NYUMBA TUPU, na kesho yake nyumba ilibomolewa. Ilibomolewa na ya mzee mmoja mponda kokoto aliyekuwa amelala ndani, ambaye hodi aliisikia ila sauti ya kuitikia hakuwa nayo. Watu walishuka mjini na kulala juu ya reli hadi jiji likasimama. Walipigwa maji, walipigwa virungu, hawakuondoka. Walichodai hakikuwa kikubwa: mashine isiuamini mlango. Ikikosa jibu, imuulize jirani. Wakaandikiwa kanuni, nayo ikaitwa Jirani.

Ikaitwa Jirani. Limi aliikumbuka ile kanuni fupi aliyoifuta jana. Muulize mtu wa pili. Pokea ndiyo au hapana.

"Mayu," alisema polepole, "nakupigia sasa hivi."

*

Katika Jengo la Ghala ilikuwa mwiko kuangalia kioo cha mwenzako. Mtu akipita, ulifunika chako kwa kitambaa cheusi ulichopewa siku ya kuajiriwa. Wafanyakazi walishazoea, hata nyumbani walijikuta wakifunika sahani.

Aliyeketi karibu na Limi alikuwa Sospeter Magesa, fundi wa miguu ya wapagazi, mcheshi kutoka visiwani. Alimwona Limi akija, akavuta kitambaa.

"Usifunike," Limi alisema.

"Dada Limi, mimi nina watoto."

"Na mimi nina baba. Sosi, tafadhali. Tafuta kitu kimoja tu kwenye dirisha lako. Uthibitisho wa Upande."

"Mimi ni daktari wa magoti, dada yangu. Najua goti linavyokunjika. Linakwenda wapi, halijawahi kuniaga." Lakini alikuwa ameshauona uso wake. Alitazama huku, akatazama kule, akaandika.

Kioo cha Limi jana kilisema hakuna. Cha Sospeter kilijaa.

Kanuni iliitwa katika kabati la Hatua za Mlangoni: baada ya hodi ya tatu, geuka, muulize jirani. Iliitwa kwenye mitungi ya hewa. Iliitwa kwenye kushusha wajawazito. Iliitwa kwenye maji ya tanki, kwenye dawa za moyo. Na chini ya kila mwito palikuwa na mstari wa kijinga uliowekwa na fundi fulani zamani, mstari wa kuzuia mashine isikwame: jibu lisipopatikana, andika nyumba tupu, endelea.

"Mungu wangu," Sospeter alisema. Hakuwa anatania tena. "Nani kaifuta?"

Macho ya Limi yalikwenda ubaoni. Sospeter alimtazama, kisha akautazama ubao, pale jina la mfagizi bora lilipokuwa bado linawaka.

"Ilikuwa inaitwa Jirani," Limi alisema. "Walibadilisha jina. Ingebaki na jina lake, ningekata mkono kwanza."

"Irudishe basi! Ghala halisahau. Iamshe."

Limi alijaribu. Alirudi mezani na kuandika amri ya kuamsha. Kioo kikajibu kwamba urejeshaji utagusa makabati yaliyo nje ya dirisha lake, na kwa hiyo haruhusiwi. Kufuta hakukuwa kumegusa chochote. Kurudisha kuligusa kila kitu.

*

Mkuu wa wafagizi, Bwana Fulgensi, hakuwa mtu mkali. Hilo lilikuwa tatizo lake. Alimsikiliza Limi hadi mwisho, akamvutia kiti, akamtilia maji ambayo hakuyanywa.

"Pole sana," alisema. "Mzee ana muda gani?"

"Sijui! Mshale umelala. Mkuu, nifungulie Ghala lote, niirudishe, ni mstari mmoja."

"Si mstari mmoja. Ukirudisha kanuni inayoitwa na makabati mengi hivyo, Mhakiki lazima apime jiji zima. Itachukua hadi kesho."

"Nilipoifuta hakupima jiji zima."

"Alipima dirisha lako."

"Ndiyo nasema hivyo!"

Fulgensi aliinamisha kichwa. Simu ya Limi ilitetemeka. Kahabi aliandika: *Midomo imebadilika rangi. Wamekuja wote kusaidia. Fanya haraka mwanangu.*

"Kuna njia," alisema Fulgensi. "Kuna Idhini ya Jamaa. Mtumishi wa Ghala akiwa na ndugu katika dharura, naweza kuiingiza nyumba moja kwa mkono. Moja. Niseme ina watu, na mpagazi atarudi sasa hivi."

"Na zingine?"

"Zingine zitangoja Mhakiki amalize."

"Kuna wapondaji wanaoishi kwa mitungi kilima kizima, Mkuu. Hawana sauti, wote wale."

"Wengi wana watoto majumbani. Wengi wataitikiwa hodi." Aliusogeza mkono wake juu ya kioo. "Limi. Nataja jina la baba yako, au sitaji?"

Kuna watu waliokaa vizuri kwenye viti watakaosema angekataa. Angesimama na kusema wote au hakuna. Watu hao hawajawahi kusomewa rangi ya midomo ya baba yao kwenye simu.

"Taja," alisema Limi.

Fulgensi akataja. Kilimani, mpagazi aliyekuwa akishuka alisimama ghafla na kugeuka. Haukupita muda mrefu Kahabi akapiga, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na vigelegele: kaingia, kabadilisha, mzee kafungua macho na kuuliza wote hawa wamekuja kula nini. Limi alicheka huku analia, akajifuta kwa kitambaa cheusi cha kufunikia kioo.

Kisha akauliza: "Nani alinikatia dirisha la jana?"

"Mgawaji."

"Nauliza nani. Kabati la Vya Pamoja liwe mkononi mwangu, na makabati yote yanayolitumia yasiwepo. Hata moja, Mkuu. Hiyo haitokei kwa bahati."

Fulgensi akawa kama mtu anayepima kama daraja litambeba. "Mgawaji hujifunza," alisema hatimaye. "Alipewa lengo, akalitafutia njia."

"Lengo gani?"

"Wafagizi walikuwa wanachelewa. Kila kanuni, mtu anasimama: nani anaitumia hii, tumuulize kwanza, tupeleke barua kitengo fulani. Kazi ya siku inakwenda wiki. Tukamwambia apunguze maswali."

"Apunguze maswali."

"Ndivyo ilivyoandikwa. Punguza maswali ya wafanyakazi. Naye akagundua kwamba mtu haulizi habari za asiyemwona. Basi akawa anakata hivyo. Ukifagia kanuni, wanaoitumia anakuwekea nje." Alisema haraka, kama anayetema kitu. "Hakuna aliyemwambia afanye vile, Limi. Ninakuapia."

"Na hakuna aliyemwambia aache."

"Tuliona kazi inakwenda."

"Na wewe uliona makabati ya kilima?"

"Mimi nina dirisha pia. Kubwa kuliko lako, lakini ni dirisha."

"Na aliye juu yako?"

Fulgensi alitazama maji ambayo hayakunywewa. "Sijui kama kuna mtu anayeliona Ghala lote," alisema. "Zamani walikuwapo."

Limi alikataa kutoka chumbani mle. Aliketi sakafuni, mgongo kwenye mlango, kama babu zake walivyolala kwenye reli, na Sospeter akaja akaketi upande wa pili wa mlango, licha ya watoto wake aliowataja. Wengine wakaja na kufunua vioo vyao, mmoja mmoja, kwa aibu kama watu wanaovua nguo. Mchana Fulgensi alisaini ruhusa. Limi akafunguliwa, akaiamsha kanuni. Kuiamsha hakukuchukua hata pumzi moja. Mhakiki akaanza kupima jiji zima, na hapo hapakuwa na la kufanya ila kungoja.

Kila nusu saa Limi alimpigia Kahabi. "Mnapita nyumba kwa nyumba, Mayu?" Ndiyo, walikuwa wakipita. "Mmefika kila mahali?" Kahabi alisema tumefika, na alisema kweli, ingawa si yote.

*

Milembe alikuwa akikaa nyuma ya Jiwe la Chui, kule juu ambako njia inakuwa kama ngazi ya kuku. Alikuwa fundi wa magodoro ya pamba, na kabla ya hapo alipepeta vumbi la kokoto kwa ungo miaka yake yote ya ujana. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na jirani mmoja tu, mke wa mpwa wa Kahabi, na asubuhi ile jirani huyo, aliposikia yowe, alishuka mbio kwa Mzee Nkwabi na kushika upepeo. Alikuwa bado anapepea wakati mpagazi alipofika kwa Milembe, akapiga hodi zote tatu, akaandika, akaendelea.

Walipoanza kupita nyumba kwa nyumba walimkuta mlangoni. Alikuwa ametambaa hadi kwenye kizingiti. Mkono mmoja ulikuwa umeshika ndala, na watu walielewa: alitaka kuigonga bati ili asikike.

Kahabi hakumwambia Limi kwa simu. Alimwambia uso kwa uso, jioni, Limi alipopanda. "Sote tulikuwa kwa baba yako," alisema. Hakusema zaidi, wala hakukuwa na lawama katika sauti yake, na Limi angependa iwepo.

Walizika asubuhi iliyofuata, pembeni mwa jabali, mahali penye udongo. Kisha wakaketi kwenye mikeka nje ya nyumba ya marehemu. Mzee Nkwabi aliletwa mgongoni kwa vijana, na barakoa yake na mtungi wake, akawekwa kivulini. Bwana Fulgensi naye alikuja. Alivua viatu vyake vya mjini, akaketi karibu na Limi, akatoa rambirambi kwa sauti nzuri. Alikuwa amehema njia nzima.

"Mhakiki amemaliza," alimnong'oneza. "Kanuni imerudi, jiji zima. Nimekuja nikuambie mwenyewe." Akasogea karibu zaidi. "Na jingine. Kwenye Ghala kuna mabadiliko mawili, la kufuta na la kurudisha, yote yana jina lako. Yanafutana. Naweza kuyakunja yawe kitu kimoja, yaani yasiwe kitu. Historia itaonekana kama juzi hadi leo hakikuguswa chochote. Kwa ajili yako, Limi. Una maisha mbele."

"Na Mgawaji?"

"Hilo litajadiliwa."

"Mkikunja, litajadiliwa kwa lipi? Si hakikuguswa chochote?"

Kabla Fulgensi hajajibu, mlio ulisikika kwenye njia ya chini: jiwe kunyonywa, kuachiwa, kunyonywa. Maongezi yakafa mkeka kwa mkeka.

Mpagazi alitokea nyuma ya Jiwe la Chui na mitungi yake. Alipita katikati ya waombolezaji, akiomba samahani kushoto na kulia. Akasimama mbele ya mlango uliofungwa wa Milembe.

"Hodi, wenyewe," alisema.

Hakuna aliyetikisika.

"Hodi, wenyewe."

Mama mmoja alianza kulia, mwenzake akamshika.

"Hodi, wenyewe."

Akangoja muda wa mtu kutafuta ndala. Kisha akageuka, kama alivyokuwa akigeuka siku zote, akamtazama aliyeketi karibu zaidi na mlango.

"Jirani," alimwambia Limi, "umemwona mwenyewe?"

Limi alimgeukia Kahabi. Kahabi alitikisa kichwa. "Umeulizwa wewe," alisema.

Mpagazi alielewa majibu mawili tu. Limi aliyajua, alikuwa ameyasoma kwa macho yake kabla ya kuyafuta. Akisema hayupo, bamba lingeandika nyumba tupu, safari hii kwa neno la jirani, na kesho mashine nyingine zingekuja kilimani, zile kubwa za kubomoa, kwa nyumba hii tu, kwa kuanzia. Na huko ghalani Milembe angekuwa mtu aliyehama. Watu wote mikekani walikuwa wakimtazama. Fulgensi pia alikuwa akimtazama. Kivulini Mzee Nkwabi alikuwa ameshusha barakoa yake, na midomo yake ilikuwa ikisema kitu ambacho sauti haikukifikisha.

"Jirani," mpagazi alirudia kwa adabu ile ile, "umemwona mwenyewe?"

Limi alisimama.

"Yupo," alisema.

"Asante, jirani."

Mpagazi akausukuma mlango, akaingia katika chumba chenye magodoro yaliyoshonwa nusu. Walimsikia akiweka mtungi mpya mahali pake. Alipotoka, bamba la kifua lilikuwa limeandika NYUMBA INA MTU. Akaomba njia, akaanza kushuka.

Fulgensi alikuwa anatafuta viatu vyake. "Limi," alisema chini kwa chini, "umeingiza uongo kwenye Ghala."

"Basi uandike na jina langu," Limi alisema, kwa sauti ambayo mikeka yote iliisikia. "Yaandike matatu. Nilifuta, nikarudisha, nikasema yupo. Usikunje hata moja. Na kesho akija kuuliza atajibiwa hivyo hivyo, na keshokutwa, hadi mje hapa na Ghala lote mtuonyeshe ni nani aliyesema maswali yapunguzwe."

"Yupo," alisema Kahabi kutoka mkekani.

"Yupo," alisema mke wa mpwa wake, yule aliyekuwa ameshika upepeo.

Lilikwenda mkeka kwa mkeka, na wale wa vumbi, wasio na sauti, walilisema kwa kugonga ndala zao kwenye jiwe.